Baharia wa Gereji ya Pasua

Nilimwonea wivu miaka tisa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsifu kwa hiari yangu. Kila jema nitakalolitaja juu yake hapa limenitoka kwa shida, kama bolti iliyoshika kutu.

Tulimwita Baharia. Vijana wa mjini walicheka wakisikia, maana kwao baharia ni mtu mjanja wa mitaani, mwenye maneno mengi na wanawake wengi, naye hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa Kilema, aliyeishi miaka mingi katika vyumba vya injini vya meli za mizigo. Alirudi nyumbani mvi zikiwa zimeshamwingia. Wastaafu wenzake walikaa kihambani kuangalia migomba na kahawa. Yeye alishuka Moshi mjini, akapanga kibanda katika uwanja wetu wa gereji pale Pasua, akatundika kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: FUNDI INJINI ZA MAJINI.

Uwanjani tulikuwa mafundi saba, na mimi ndiye niliyekuwa nikitajwa. Mtu akifika mjini na gari linalochemsha, aliambiwa aulize jina langu. Kibao kile kilipotundikwa nilicheka kuliko wote. Juu yetu kuna mlima, chini yetu kuna miwa, na bahari iko safari ya siku nzima. Nilisema huyu mzee anasubiri meli ipande na mvua ya masika.

Nilisahau kwamba kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuna Ziwa Jipe. Mwaka haukuisha kabla pikapu hazijaanza kuingia uwanjani kwa kurudi nyuma, zimebeba injini za mashua zilizonuka samaki. Wengine walitoka ng'ambo ya mpaka, wakapitia Holili na injini zimefungwa kwenye turubai. Walishuka, wakapita mbele ya kibanda changu bila kugeuza shingo, wakauliza Baharia yuko wapi. Wengi wao walikuwa na magari pia. Wakishaleta mashua, wiki ya pili wanaleta gari.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza, kama mtu anavyomchunguza jirani aliyepata ng'ombe mwenye maziwa mengi.

Chini ya ovaroli alivaa shati jeupe, limefungwa vifungo hadi shingoni. Nilisubiri miaka niione alama ya grisi kwenye ukosi ule. Sikuiona. Kabla ya kufungua injini yoyote aliiwekea kiganja na kutulia, kama mama anayempima mtoto homa. Sisi wengine tunaanza na spana. Saa nne alikunywa mtori wa ndizi aliotengenezewa na mkewe, kutoka kwenye chupa ya chai, akiwa amesimama. Alisema kukaa wakati wa kula ni tabia ya watu wa magari, maana wao wakichoka wanaegesha pembeni. Na injini alizisemesha Kichagga. Sisi alitusemesha Kiswahili cha polepole, na akikasirika hakusema kwa lugha yoyote.

Tulisali makanisa tofauti. Yeye alipanda Kilema kila Jumamosi jioni ili awahi misa, mimi nilibaki mjini na usharika wangu wa Kilutheri. Jumapili ikawa siku pekee ya kupumzika naye, ingawa hata kanisani nilijikuta nikiwaza ni nani atakayemfuata Jumatatu.

Alikuwa na mapungufu, na niliyahifadhi moja moja. La kwanza, hakujua kuendesha gari. Mtu aliyeweza kuifungua injini ndefu kuliko nyumba yangu, kwa maelezo yake mwenyewe, alipotaka gari lisogezwe mita mbili aliniita mimi. Nami nilikwenda kila alipoita, nikasogeza taratibu sana, nikipiga honi bila sababu, ili uwanja mzima uone. La pili, aliyaogopa maji. Siku moja nilifuatana naye Nyumba ya Mungu kwa lifti ya mteja wake, nikamwona akipanda mtumbwi uliokuwa bado umekanyaga mchanga. Alishika ukingo kwa mikono miwili na midomo ikawa inasali. Nilimwuliza kulikoni, mtu aliyeishi baharini. Akanijibu kwamba yeye hakuishi baharini, aliishi chini ya sakafu ya meli, na kule hakuna dirisha. Alisema hajawahi kuogelea hata kwenye mfereji wa kwao.

Nilirudi nikawasimulia mafundi wenzangu. Nilitegemea wacheke, wakasema ndiyo maana anazitengeneza vizuri: anaogopa zisizimike katikati.

Kulikuwa na siku ya lori. Lilikuwa la mahindi, linavuka Holili mara mbili kwa wiki, na lilikuwa linachemsha kila likianza kupanda. Nilibadilisha gasketi ya silinda hedi. Likarudi. Nikabadilisha rejeta. Likarudi, dereva wake amenuna. Baharia alikuwa anapita na chupa yake ya mtori mkononi. Alisimama, akamwomba dereva akanyage mafuta hadi mwisho, akainama, akaangalia mpira wa chini wa rejeta. Akaniita kwa kidole. Injini ilipovuma kwa nguvu, mpira ule uliokuwa umelainika kwa uzee ulijibana wenyewe, ukanyonywa hadi ukawa bapa, na maji yakakosa njia. Injini ikitulia, mpira unarudi mviringo kama haukufanya kitu. Mimi siku zote nilikuwa nauangalia injini ikiwa imetulia.

Hakusema neno la kuniumiza. Alimwambia dereva, "Huyu fundi angeuona kesho," akaenda zake. Laiti angenitukana. Dereva alinunua mpira, akaufunga mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa anaegesha upande wa Baharia.

Wivu ulinifundisha uongo mdogo mdogo. Alipokwenda msibani kwao siku tatu, alikuja mtu wa Jipe kumwulizia, nikamwambia mzee amestaafu amerudi kihambani. Yule mtu alibeba injini yake akaondoka. Baharia aliporudi sikumwambia, na mchana ule nilikula kwa hamu kuliko kawaida.

Haya yote mtu anaweza kuyavumilia. Wateja ni watu wa kuja na kwenda. Kilichonimaliza ni binti yangu.

Haika ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa kidato cha tatu wakati huo, na akitoka shule alipita uwanjani kuchukua ufunguo wa nyumba, kwa kuwa mama yake alikuwa sokoni hadi jioni. Kwa miaka kumi na sita mtoto huyu aliishi na fundi ndani ya nyumba, akafua ovaroli zangu, na hakuwahi kuniuliza hata plagi inafanya kazi gani. Nilijua tu kwamba hapendi. Sasa siku moja nilikuwa chini ya gari, mgongo juu ya kadibodi, nikasikia sauti yake upande wa Baharia. Alikuwa anauliza kwa nini injini ya mashua iliyokuwa juu ya meza haina rejeta.

Baharia hakumjibu moja kwa moja. Alimwuliza, "Ukitoka Himo kupanda kwetu Kilema, gari linafanyaje?"

Haika akasema linahema, na dereva anarudisha gia.

"Na ukishuka?"

"Linateremka lenyewe, Babu."

"Basi mashua haina kushuka. Maji yanaizuia tangu inapoondoka hadi inapofika. Injini ya gari inapanda kidogo, inapumzika sana. Ya mashua inapanda Kilema kutwa nzima, na haina gia ndogo ya kurudia. Ina ya mbele, ya nyuma, na ya kukaa bure. Basi."

Haika akauliza breki ziko wapi. Akamwambia hakuna, chombo kinasimama kwa kuzungusha panga boi la kusukuma maji kinyume, na anayesahau hilo anasimamia gatini kwa pua. Kisha akarudi kwenye swali lake la kwanza. Alimweleza kwamba gari linasafiri na maji yake, kama mtu mwenye chupa, linayazungusha yaleyale na kuyapooza kwa upepo wa barabarani. Mashua haina upepo huo, maana injini yake imefungiwa tumboni. Lakini imezungukwa na maji, kwa hiyo inakunywa ziwa lenyewe, inapoa, inayatema nyuma. Kwa sababu hiyo inakula na mchanga wa ziwa na majani yake, na baharini inakula chumvi, na chumvi inatafuna chuma. Ndiyo maana mahali pa chuma unakuta shaba. Hata ekzosi, alisema, kwenye gari inaning'inia nje chini ya upepo, lakini kwenye mashua inapita katikati ya mbao, kwa hiyo lazima nayo ivishwe maji, la sivyo unaota moto ndani ya nyumba ya nyasi.

Alieleza vizuri. Mimi mwenyewe pale chini nilikuwa nimeacha kufunga nati, nasikiliza. Nilipogundua kwamba nasikiliza nikasema kwa sauti, bila kutoka, "Injini ni injini."

Kisha Baharia akajibu, "Ni kweli. Na mtu ni mtu. Lakini mkulima wa kahawa usimtume kuvua."

Haika alicheka. Hicho kicheko nilikuwa sijakisikia nyumbani tangu awe mkubwa.

Baada ya hapo hakuchukua tena ufunguo na kuondoka. Alikaa juu ya tairi upande wa pili wa uwanja na daftari. Nyumbani nilijaribu. Nilimwita siku moja nikamwonyesha kabureta, nikaanza kumweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani, kisha akasema, "Ya mashua inatengenezwa isimwage nje hata ikifurika, Baba. Babu kanionyesha." Nikaifunga kabureta kwenye gazeti nikaenda kuoga.

Wakati huo ndipo alipokuja Mbwambo. Alikuwa kijana wa Kipare mwenye mashua kubwa ya mbao Nyumba ya Mungu, anavusha abiria na ndoo za samaki. Injini yake ilikuwa imekufa. Alimtaka Baharia amfungie injini ya petroli ya gari dogo aliyoipata kwa bei nzuri, na Baharia akakataa. Alimwambia asubiri apatikane mtu wa kuleta injini ya dizeli ya majini, hata kama ni miezi miwili. Mbwambo alisema miezi miwili abiria wote watakuwa wamehamia kwa mwingine. Baharia akasema bora abiria wahame wakiwa hai.

Nilimfuata Mbwambo kabla hajafika barabarani. Nikamwambia nitaifunga mimi, kwa wiki mbili.

Nilifanya kazi nzuri, na hadi leo nasema hivyo. Injini ilikaa sawasawa ndani ya sanduku la mbao. Niliiwekea rejeta na feni, nikatoboa madirisha ya hewa. Panga boi lilizunguka bila kutikisika. Nilifanya kazi hiyo kulekule bwawani, nikirudi mjini kila baada ya siku chache, na kila niliporudi nilihakikisha nasimulia kwa sauti.

Jumapili moja kabla ya kukabidhi, tulikuwa tunakula chakula cha mchana nyumbani. Haika akaweka kijiko chini. Akasema Babu amempa ujumbe wangu. Nikamwambia auseme.

"Anasema usikabidhi mashua kabla hujabadilisha stata. Ya gari iko wazi, inatoa cheche. Anasema mvuke wa petroli ni mzito. Kwenye gari ukivuja unaanguka chini, upepo unauchukua. Kwenye mashua unaanguka tumboni unakaa hapo, hauna mlango. Anasema uweke stata iliyozibwa, na feni ya kuvuta hewa ya chini kabla ya kuwasha. Stata anayo kibandani, atakupa."

Alikuwa ameukariri wote. Niliona alivyokuwa na wasiwasi, akiangalia uso wangu. Mke wangu naye aliacha kula. Nilijua maneno yale yana akili; fundi hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba petroli na cheche haziishi pamoja. Lakini yalikuwa yamefika kwa mdomo wa mwanangu, kwa namna ya mtu mwingine ya kuzungumza. Nikasema, "Mwambie Babu yako injini ni injini." Nikaomba nyama.

Niliikabidhi mashua Jumatano. Ilifanya kazi wiki tatu bila kasoro, na hizo wiki tatu nilitembea uwanjani kama mwenye uwanja.

Wiki ya nne, asubuhi, kabla abiria hawajapanda, Mbwambo aliingia peke yake akageuza ufunguo. Waliokuwa ufukweni walisema sanduku la injini liliruka juu kwanza, kisha ndipo wakasikia mlio. Yeye alitupwa majini, na maji ndiyo yaliyomwokoa. Aliungua mikono yote miwili na shingo. Alilazwa hospitali hapa mjini kwa muda mrefu, na nilikuwa nakwenda kumwona nikiwa na maziwa na ndizi, nikikaa pale kando ya kitanda. Mashua ilibaki mbavu.

Wajomba zake wawili walikuja uwanjani siku ya tatu. Walikuwa watu wazima, watulivu, na utulivu wao ulitutisha. Walitaka kujua tu jambo moja: kama hatari ile ilijulikana. Mafundi wote waliniangalia. Haika alikuwa ametoka shule, amesimama karibu na tairi lake.

Kabla sijafungua mdomo Baharia alitoka kibandani, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi niliijua," akasema. "Nilimtuma mtoto amwambie baba yake. Nilitakiwa kwenda mwenyewe. Sikutaka watu wanione namfuata fundi mwenzangu kwake, wakasema naingilia kazi yake. Kiburi hicho kimemuunguza mtoto wenu. Hilo ni kosa langu."

Nilisimama pale nikahisi jambo baya ambalo hadi leo naona aibu kuliandika. Sikuhisi shukrani. Nilihisi wivu. Hata kosa alikuwa amenizidi namna ya kulibeba.

Mjomba mkubwa akanigeukia. Akaniuliza kama ujumbe ulinifikia.

Nikasema, "Hapana. Sikupata ujumbe wowote."

Sikumwangalia Haika. Nilimwangalia Baharia, na yeye ndiye aliyemwangalia Haika. Alimwangalia kitambo, kisha akawaambia wale wazee kwamba basi huenda yeye ndiye aliyemweleza mtoto vibaya, mambo ya ufundi yana maneno magumu, mtoto asilaumiwe. Wajomba walitafakari, wakatuaga wote kwa mkono, wakaondoka. Haika alichukua mkoba wake, akaja kwangu, akanyoosha kiganja. Nilimpa ufunguo. Hakusema neno, wala hakusema neno jioni ile, wala kesho yake.

Habari zilisambaa kwa namna zinavyosambaa: kwamba mashua ililipuka, na Baharia amekiri. Watu wa bwawani waliacha kumletea injini kwa muda mrefu. Wengine walianza kuja kwangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa miaka, na nilikifanyia kazi kichwa kikiwa chini. Baharia hakupunguza hata kitu kimoja. Shati lilibaki jeupe, mtori ulikuja saa nne. Alianza kwenda Nyumba ya Mungu mwenyewe kila wiki, akimtafutia Mbwambo ile dizeli. Ilipopatikana aliifunga kwa mikono yake katika mashua mpya, akiwa ameshika ukingo kila inapotikisika. Mbwambo anavusha watu nayo hadi sasa, mikono imejaa makovu.

Haika alimaliza shule akaomba chuo cha mambo ya bahari Dar es Salaam. Fomu alijaza na Baharia. Mimi niliitwa kuweka sahihi. Alipoondoka alinipa mkono, akanipa shikamoo, akapanda basi. Tangu hapo nikimpigia simu ananijibu kila swali kwa neno moja. Masomo? Mazuri. Afya? Salama. Hajawahi kunikosea adabu, na hiyo adabu ndiyo adhabu yangu.

Baharia alifunga kibanda mwaka juzi. Aliniachia vise yake kubwa ya mezani, ile ya kubania vyuma, bila maelezo. Sikumuaga vizuri. Nilijiambia nitapanda Kilema wiki ijayo, na wiki hiyo ikachukua mwaka na nusu.

Nilipanda mwezi uliopita, asubuhi ya Jumamosi. Nilimkuta ameketi barazani, kipande cha blanketi magotini, mlima umejifunua wote nyuma ya migomba. Kumbe alikuwa ameketi. Sikuwahi kumwona ameketi. Nilimpa shikamoo mara tatu bila kuitikiwa, hadi mkewe alipotoka jikoni akanieleza kwamba masikio yamekwisha. Zile injini za melini zilikuwa zinamla kidogo kidogo miaka yote, na sasa zimemaliza. Ukitaka akusikie, alisema, sogea sikio la kulia, upaze sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde.

Nilisogea nikapiga kelele shikamoo. Akasema marahaba, akanitambua, uso ukafunguka. Mkewe akaleta ndizi na maziwa mgando, kisha akamwonyesha simu kwa ishara. Alikuwa anasubiri mtu kama mimi, alisema mama huyo. Haika anatuma ujumbe wa sauti kila wiki. Mzee hasikii simu, na yeye mwenyewe hayo maneno ya mashine yanampita. Akaomba nisikilize, niwe namrudishia mzee sikioni.

Sikuweza kukataa. Nikabonyeza, nikaweka simu kwenye sikio langu.

Sauti ya mwanangu ilikuwa na furaha. Ilikwenda mbio, ikicheka katikati. Nilikuwa nasikiliza sentensi moja, nasimamisha, nainama kwenye sikio la yule mzee, napaza sauti. Anasema yuko kwenye meli ya mafunzo! Anasema siku ya kwanza chini kwenye injini alilia! Anasema joto lile hukumwambia ukweli wote! Anasema alifeli mtihani mmoja, akarudia, sasa amefaulu! Sikujua alifeli. Mimi aliniambia masomo mazuri. Baharia alitikisa kichwa kwa kila jambo, akiangalia mbele, na mara mbili alicheka.

Kisha Haika akasema kwamba alipewa ujumbe na fundi mkuu aupeleke kwa mwenzake wa zamu, akauandika, akaurudia mara tano njiani. Akasema, Babu, unajua ni kwa nini.

Nilisimamisha simu. Baharia alinigeukia, anasubiri. Niliinama.

"Ujumbe wako ulifika," nikamwambia. "Ule wa stata. Haika aliuleta wote. Mimi ndiye niliyedanganya."

Akakunja uso. "Hayo anasema Haika?"

"Hapana. Nasema mimi."

"Sijasikia vizuri. Rudia."

Nikarudia. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikarudia tena kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata nikiita mtu katikati ya injini tatu, na nikasikia jikoni kisu kikiacha kumenya ndizi, na mtu aliyekuwa anapita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe akasimama, akatazama barazani, akaendelea. Niliyasema yote, na neno wivu nikalisema mara mbili.

Alirekebisha blanketi magotini. Kisha akaongea kwa sauti ndogo, ya kawaida kabisa, kama mtu ambaye bado anasikia.

"Mimi nilijua siku ileile. Mtoto yule hajawahi kusahau neno nililomwambia. Wa kuambiwa si mimi, ni yeye."

Akachukua simu mkononi mwangu, akaigeuza, akanirudishia, kidole chake kikionyesha pale pa kurekodi. Ile yangu ilikuwa mfukoni, na namba ya Haika imo ndani yake. Lakini nilijua ujumbe ukitoka kwenye yangu atausikiliza jioni, au kesho, au akipata nafasi. Na ukitoka kwenye ya Baharia atausikiliza palepale aliposimama. Iliniuma. Nikabonyeza ya Baharia.

"Haika," nikasema, "ni mimi, baba yako. Usizime."